Usiikate Barabara Vipande: Maagizo kwa Anayepima Athari za Lami Tarime na Serengeti

Barabara ya Tarime kwenda Mugumu, inayopita Mogabiri, Nyamwaga na Nyamongo kabla ya kuvuka Mto Mara, ina urefu wa kilomita 87 hivi. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na ni vigumu kumpata mtu wa huko anayeikataa lami, awe mkulima wa ndizi wa Nyamwaga au mama lishe wa Mugumu. Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) unaijenga kwa awamu, na kipande cha Mogabiri hadi Nyamongo, kilomita 25, kiliwekwa mbele. Kutoka magharibi inakuja lami nyingine, ya Makutano, Sanzate na Natta. Zote mbili zinakutana Mugumu, na ng'ambo ya Mugumu ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Kwa hiyo hapa hatubishani kama barabara ijengwe. Maagizo haya ni kwa mtaalamu aliyetumwa kupima itaharibu nini, na kwa mwananchi atakayeitwa kwenye mkutano wa kijiji akaambiwa aseme ana maoni gani. Sitayapamba.

Usikubali kuitwa baada ya mkandarasi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haikuacha mwanya: tathmini ya athari kwa mazingira hufanyika kabla mradi haujaanza na kabla haujagharimiwa. Ukifika ukakuta greda limeshapaki kwenye uwanja wa shule na kambi imeshaezekwa mabati, ujue hukuitwa kupima, umeitwa kugonga muhuri. Kataa. Kama huwezi kukataa, andika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ulikuta kazi imeanza, na utaje tarehe na kilomita.

Kwenye sura ya njia mbadala, usiandike mistari minne ya kumridhisha msomaji wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Mhandisi anaweza kusogeza barabara mita mia mbili kukwepa chemchemi ikiwa ataambiwa michoro bado iko mezani. Akiambiwa vigingi vimeshapigwa, atakuonyesha bei, na hapo mjadala umekwisha.

Usiikate barabara vipande

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalofanywa kwa ustadi zaidi. Kilomita 25 hapa, 40 pale, kila kipande na ripoti yake, na kila ripoti inaapa kwamba kipande chake kiko mbali na hifadhi. Ni kweli, kila kipande kiko mbali. Barabara nzima haiko mbali.

Anayepima athari za barabara Serengeti na hajui yaliyotokea 2010 arudi darasani. Mwaka huo serikali ilikuwa na mpango wa kupitisha barabara kuu kutoka Natta, Mugumu na Tabora B hadi lango la Klein's na Loliondo. Kilomita 53 za njia hiyo zilikuwa ndani ya hifadhi, upande wa kaskazini, ambako nyumbu wapatao milioni 1.3 hupita kila mwaka kufuata malisho na maji ya Mto Mara. Wanasayansi 27 waliipinga kwenye jarida la Nature. Mwaka 2011 watafiti wengine walipiga hesabu kwamba barabara ikigeuka kizuizi, nyumbu wangeweza kupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Shirika la African Network for Animal Welfare la Nairobi likafungua shauri kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2011, shauri likiwa bado mahakamani, serikali iliiandikia UNESCO kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikatamka kwamba kupitisha lami ndani ya hifadhi ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Sasa tazama kilichobaki nje ya shauri hilo: kila kitu kilicho nje ya mpaka wa hifadhi. Upande wa Loliondo, kilomita 49 za Waso hadi Sale zimekwishawekwa lami. Upande wa huku, lami inasogea kuelekea Mugumu kutoka pande mbili. Zikikamilika zote, dereva wa lori la saruji atasimama Mugumu na kuona kipande kifupi cha changarawe kati yake na lami ya upande wa pili. Nani atamwambia azunguke? Shinikizo hilo ni athari ya barabara ya Tarime na Mugumu, hata kama hakuna nyumbu hata mmoja anayekanyaga Nyamwaga.

Liandike. Kadiria magari yatakayofika kwenye malango ya hifadhi miaka 10 na miaka 20 baada ya lami. Taja kwa jina njia ya kusini, ya Karatu, Mbulu, Haydom, Daraja la Sibiti hadi Meatu, kama njia halali ya magari ya masafa marefu, na useme kwamba kuijenga hiyo mapema ni sehemu ya kuilinda Serengeti. Mwajiri wako atasema hukutumwa huko. Mjibu kwamba hadidu za rejea zinasema athari jumuishi. Kama hazisemi, omba zirekebishwe kabla hujasaini mkataba, maana baada ya kusaini hakuna atakayekusikiliza.

Usinakili

Ukichukua ripoti ya barabara ya Pwani ukabadilisha majina, siku moja mikoko itaota Mogabiri.

Nenda misimu yote miwili

Timu inayokuja Agosti kwa siku chache inaona vumbi, inaandika vumbi, inarudi. Haijaona makalavati yakimeza maji ya Aprili. Haijaona jinsi miteremko ya Nyabasi inavyoshusha udongo mwekundu hadi mabondeni, wala vijito ambavyo kiangazi hata havionekani kuwa vijito. Wanaokuja masika tu nao hawaoni kwamba kuanzia Julai mpaka Oktoba Mto Mara ndio maji pekee ya kutegemewa kaskazini mwa Serengeti, kwa wanyama na kwa watu. Boza la mkandarasi likinyonya mtoni miezi hiyo, linashindana na mifugo na nyumbu kwa pamoja. Kibali cha kuchota hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kitake ukione, usome kiasi kilichoruhusiwa, kisha uhesabu safari za boza.

Tazama pia kalenda ya watu. Wakurya hufanya tohara kwa misimu, kwa kawaida Desemba, na zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wakati huo barabara hujaa makundi yanayocheza na kuimba mchana kutwa. Usiweke mkutano wa kijiji katikati ya msimu huo ukasema wananchi hawakujitokeza. Na usiruhusu mkandarasi afunge njia usiku bila mchepuko unaopitika, kwa sababu ndio msimu ambao wasichana wanaokimbia ukeketaji hutafuta njia ya kufika kituo cha Masanga au Nyumba Salama ya Mugumu. Mchepuko uliojaa tope saa tano usiku ni athari ya mradi kama ilivyo chemchemi iliyofukiwa. Sijui kwa nini jambo la namna hii halina mahali pake kwenye majedwali.

Pima maji kabla ya sululu ya kwanza

Mto Mara unaanzia Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, unafika Tarime, kisha unatandaa kwenye ardhi oevu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, kuna hotuba na kofia. Siku nyingine 364 mto unabeba kila kinachotupwa ndani yake, na wanaokaa chini ya mto hawajui nani ametupa nini.

Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe, na hadi leo kutaja Tigithe Nyamongo ni kufungua kidonda. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika kuwa meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuamini, wakafanya mzaha mitandaoni. Kosa lako wewe mtathmini lingekuwa kuingia kwenye ugomvi huo mikono mitupu. Chukua sampuli juu na chini ya kila mahali barabara inapovuka maji, daraja la Mto Mara na vijito vya Nyamongo vikiwemo: kiasi cha tope, tindikali, oksijeni, mafuta, metali nzito. Rudia masika. Hifadhi takwimu hizo ofisi ya bonde na ofisi ya kata, karatasi yenye muhuri. Siku mto utakapogeuka rangi tena, na utageuka, kijiji kiwe na kitu cha kuweka mezani.

Mita 60 kutoka ukingo wa mto si mapendekezo. Ndiyo sheria. Kambi, karakana, mtambo wa kuchanganya lami na sehemu ya kumwaga oili chafu vikae mbali zaidi ya hapo, na uchore kwenye ramani, kwa sababu neno "mbali" kila mtu ana la kwake.

Usiruhusu mawe ya taka ya mgodi yaingie kwenye tuta bila kupimwa

Nyamongo kuna milima ya mawe yaliyotolewa ardhini kutafuta dhahabu. Yako karibu na hayahitaji baruti, na mkandarasi akiyaona anaona kokoto ya bure. Lakini mawe yenye madini ya salfaidi yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali, nayo huyeyusha metali na kuzipeleka mtaroni, mtaro unazipeleka kijitoni. Ukiyasambaza kwenye tuta la kilomita 25, umechukua tatizo lililokuwa mahali pamoja, lenye mlinzi na uzio, ukalipeleka kwenye mashamba ya watu. Dai kipimo cha maabara kwa kila chanzo cha mawe. Bila karatasi ya maabara, hakuna lori linalopakia.

Na kwa kuwa umeshafika mgodini: sianidi na dizeli za migodi zinasafiri kwa barabara hii hii. Lami huongeza mwendo. Andika mpango wa lori la sianidi kupinduka, taja nani anapigiwa simu, na nani anawakataza watu kuchota maji, kwa lugha gani.

Usiache shimo la moramu ukaliita lambo

Hapa nitakaa kidogo.

Barabara inahitaji moramu nyingi. Moramu inatoka kwenye shamba la mtu. Mkandarasi anakuja na msimamizi wake, wanakubaliana na mwenye shamba kwa mdomo, katapila linaingia. Miezi michache baadaye kuna shimo lenye kuta zilizosimama wima, kina cha nyumba, na sakafu ya udongo mfinyanzi isiyopitisha maji. Mvua za Novemba zinalijaza. Maji yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wanateremka upande ambao lori lilikuwa linaingilia, wanapakoroga, panakuwa utelezi. Watoto wanaochunga wanavua nguo na kuogelea upande wa pili, ule wenye kina. Mbu wanazaliana. Ukiuliza, mkandarasi anasema wananchi wenyewe waliomba waachiwe lambo la mifugo.

Huenda waliomba kweli. Ng'ombe wa Mkurya wanahitaji maji, na mzee anayetembeza mifugo mbali kila siku hataringia shimo lenye maji. Ombi la kijiji hata hivyo halimwondolei mkandarasi wajibu. Lambo lina mteremko mpole wa kuingilia, lina njia ya maji yanayozidi, lina uzio upande wenye kina, lina mahali pa kunyweshea nje ya bwawa. Hilo hugharimu fedha. Shimo halina gharama, ndiyo maana hupewa jina la lambo.

Kwa hiyo: kila shimo liwe na mkataba wa maandishi kati ya mwenye shamba na mkandarasi, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, uondolewe kwanza na kurundikwa pembeni, usichanganywe na kifusi. Kuta zilazwe. Udongo wa juu urudishwe. Nyasi na miti ya asili vipandwe mwanzo wa mvua. Mikaratusi usiiite urejeshaji. Orodhesha mashimo yote kwa namba na mahali kwenye ripoti, hata yale ambayo mkandarasi anasema huenda hatayatumia, kwa sababu hayo ndiyo atakayoyatumia.

Udongo mweusi wa mbuga unaochimbuliwa chini ya barabara nao unahitaji mahali pa kwenda. Usimwagwe bondeni.

Fidia: andika kila nyumba, si kila mwanamume

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Mita hizo 7.5 ndizo zilizojaza X kwenye kuta. Aliyeingia ndani ya hifadhi ya zamani anapigiwa X nyekundu na kuambiwa abomoe. Aliyefuatwa na barabara anapigiwa X ya kijani na kusubiri. Usiandike "kaya zitakazoathirika" kwa jumla. Tenganisha rangi hizo mbili, eleza nani alitangulia, mtu au barabara, na usikilize ushahidi wa majirani, maana wengi wa waliojenga kabla ya sheria hawana karatasi.

Fidia si thamani ya nyumba peke yake. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, na ikichelewa iwe na riba. Mwananchi asome mistari hiyo kwenye fomu yake kabla hajaweka dole gumba.

Mji wa Mkurya una nyumba zaidi ya moja kwenye ua mmoja. Kila mke ana nyumba yake, ghala lake na migomba yake. Fomu ya mthamini ina nafasi moja ya jina la "mkuu wa kaya", na fedha ikishuka inashukia kwenye akaunti moja, mara nyingi ya mtu ambaye shamba hilo halilimi. Orodhesha kila nyumba kwa mwanamke anayeishi ndani yake, na fedha ilipwe kwa makubaliano yaliyosainiwa na wote. Kuna pia nyumba ntobhu, ambamo mwanamke amemwoa mwanamke mwenzake ili kupata watoto watakaorithi mji. Ukifika kwenye mji huo usiulize baba yuko wapi. Mwenye mji umesimama mbele yake. Msalimu, "Shikamoo mama," kisha uandike jina lake.

Makaburi yako uani. Yasihamishwe na vibarua wa mkandarasi kwa sepetu ya mtaro. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 ina utaratibu wake, na wazee wana wao. Fuata yote mawili, ya sheria kwanza kwenye karatasi, ya wazee kwanza kwenye uwanja.

Usihesabu saini ukaita maoni

Karatasi ya mahudhurio yenye majina 140 inathibitisha kwamba watu 140 walisaini, na pengine kwamba palikuwa na posho. Haithibitishi kwamba walielewa kitu. Mkutano wa barabara unaendeshwa hivi: mtaalamu anasimama na ramani ambayo aliyekaa mstari wa tatu haioni, anazungumza Kiswahili cha ofisini kwa muda mrefu, mwenyekiti anasema "kuna swali?", wazee watatu wanaomba ajira kwa vijana na matuta karibu na shule, mkutano unafungwa. Wanawake wamekaa pembeni na watoto. Hakuna aliyewauliza wanachota maji wapi, ilhali ndio wanaojua kila chemchemi na mwezi inaokauka.

Fanya kikao cha wanawake peke yao, na mwanamke akiendeshe. Fanya cha vijana wa bodaboda. Kwa wazee, omba kuingia kwenye ritongo, baraza ambamo uamuzi wa ukoo hufikiwa, na usiende na kamera. Tafuta mkalimani wa Kikurya, na ukivuka mto uwe na anayejua Kingoreme na Kiikoma. Epuka siku ya mnada. Rudi baada ya rasimu kuandikwa uwasomee waliyoyasema, wakikanusha, rekebisha.

Jihadhari na koo. Mpaka kati ya koo zozote mbili unaweza kuwa na damu ya zamani. Kambi ikijengwa upande mmoja na vibarua wote wakatoka huko, umepanda ugomvi. Mgao wa ajira uandikwe kwa kata, na ubandikwe ukutani.

Wanyama: usiishie kuwahesabu kutoka kwenye gari

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kuna matuta, vibao na orodha ya faini kwa kila mnyama anayegongwa, na bado wanagongwa. Kibao hakimshiki dereva breki. Kwa vipande vya Natta na Mugumu vilivyo jirani na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti na eneo la jumuiya la Ikona, pendekeza mwendo unaobanwa na umbo la barabara lenyewe, na magari mazito yasipite usiku.

Usipendekeze uzio. Mtu akileta wazo hilo mkumbushe Botswana: mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumbu kwa maelfu walikufa kwa kiu na njaa, wamezuiwa na uzio wa mifugo wasifike kwenye maji.

Madhara makubwa kwa wanyama hata hivyo hayatatokea kwenye lami. Lami itapandisha bei ya ardhi, na mwenye ekari 3 karibu na barabara ataziuza, kisha asogee kulima karibu na mpaka wa hifadhi ambako ardhi ni rahisi. Hapo ndipo tembo watamkuta. Mahindi yataliwa na mtu atakanyagwa, halafu kesi itaitwa ya wanyama waharibifu bila mtu kutaja barabara. Nyamapori ya kukausha itafika mjini upesi kwa bodaboda, mkaa utafuata kwa fuso. Yote hayo yana dawa zinazojulikana: mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kila kijiji upitishwe kabla ya lami, kizuizi cha ukaguzi chenye watu wanaolipwa, askari wa wanyamapori wa vijiji wenye mafuta kwenye pikipiki. Ziandike kama masharti, si kama mapendekezo.

Mitambo inayotoka mikoa mingine ioshwe kabla ya kuingia, isilete mbegu za magugu. Gugu la kromolaena limeshaenea Mara. Gugu karoti halihitaji lifti.

Weka njia za ng'ombe

Waulize wachungaji, siyo ramani. Mtaro wa kina cha mita moja uliojengwa kwa mawe ni ukuta kwa ndama. Kila njia ya mifugo ipate mteremko, na kila kalavati kubwa lipimwe kama ng'ombe wa pembe ndefu anapita.

Futa sentensi hii

"Athari ni za wastani na zinaweza kudhibitiwa." Ifute popote ilipo. Andika ni nini, wapi, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na nani atalala bila maji. Kama kuna athari isiyodhibitika, iseme. Cheti cha mazingira hakitolewi kwa ripoti yenye tabasamu.

Weka bei kwenye mkataba

Hatua isiyo na mstari kwenye jedwali la gharama za mkataba haifanyiki, hata iwe imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mkandarasi analipwa kwa kilichopimwa: mita za ujazo za kifusi, mita za mtaro. Kama kurudisha mashimo kumewekwa kwenye "gharama za jumla", kutabaki hapo. Dai mstari kwa kila kimoja: shimo namba fulani kulazwa na kupandwa, sampuli za maji kila robo mwaka, kumwagia vumbi maji mara kadhaa kwa siku vijijini, afisa mazingira wa kudumu kwenye kambi, uzio wa lambo. Kisha andika kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka afisa mazingira wa halmashauri, Nyamwaga kwa upande wa Tarime na Mugumu kwa upande wa Serengeti, pamoja na mwenyekiti wa kijiji husika, wametembelea kila shimo na kusaini. Ukaguzi wa miti ufanyike kwenye kipindi cha matazamio cha mkataba, baada ya kiangazi kimoja kupita, siyo wiki ya kupanda. Mche uliokufa upandwe upya kwa fedha ya mkandarasi, na ng'ombe wakiula, yeye ndiye aliyepaswa kuuwekea miba.